Mvua ya Juu ya Kitanda Changu

Nianze na meno yangu, kwa sababu hata nikiyaficha utayaona tu. Ni ya kahawia. Si ya sigara, si ya miraa, na mswaki nimepiga tangu darasa la kwanza. Ni meno ya maji ya huku kwetu. Nilizaliwa upande wa Njoro, nikasomea huko, na darasani tulikuwa hivyo karibu sote, kwa hivyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Nilipoenda Nairobi kujifunza kushona ndipo mtu aliponitazama mdomo kabla ya macho akasema, "Wewe ni wa Nakuru, sindio?" Na sikuwa nimemwambia ninakotoka. Tangu siku hiyo nikajifunza kucheka nikiwa nimefunga mdomo, na ukicheka hivyo watu husema una maringo. Basi na waseme.

Baadaye niliolewa, nikarudi. Mume wangu hununua viazi Mau Narok na kuvileta sokoni mjini, kwa hivyo siku nyingi za wiki yuko huko kwenye baridi, na mimi niko nyumbani na cherehani yangu dirishani, nikishona sare za shule. Tunakaa kwa ploti, milango minne kwa mstari mmoja, chini ya paa moja la mabati, na mfereji mmoja uani. Maji yake yanatoka kwa kisima kirefu cha kuchimbwa. Ukiyaangalia ni masafi. Hayana harufu. Ukiyaonja utasikia kachumvi kwa mbali, lakini sisi wenyeji hata hatukasikii tena.

Mtoto wangu wa kwanza ni mvulana. Alipong'oa meno ya utoto akaota ya ukubwa, yalikuja kama yangu, na pengine mabaya zaidi, maana mawili ya mbele yana vishimo. Siku ya kupigwa picha shuleni alikunja midomo ndani kama mzee kibogoyo. Hiyo picha niliiweka kabatini chini ya mashuka. Miaka mingi baadaye nikapata msichana, nikiwa hata nimeshaacha kutarajia, na nilipouona ule ufizi wake mtupu niliapa. Haki ya Mungu, huyu hapana. Huyu atacheka mdomo wazi.

Sasa, kila mtu Nakuru anajua kwamba ni maji yanayoharibu meno. Hilo si siri. Lakini mama yangu alinifundisha kwamba hakuna uchafu unaoshinda moto, na kule kliniki tangu nikiwa na mimba waliimba wimbo mmoja tu: chemsha maji, mama, chemsha maji. Nikaamua kwamba kwa mvulana sikuchemsha vya kutosha. Kwa msichana nilichemsha, wacha tu! Si kule kuona povu moja ukazima gesi. Niliyaacha yatokote hadi yapungue, sufuria ikabaki nusu, na yakishapoa chini panabaki ukoko mweupe. Huo ukoko ndio ulikuwa fahari yangu. Niliukwaruza kwa kijiko nikamwonyesha mume wangu. "Unaona? Hii yote ingeingia kwa mtoto." Akatikisa kichwa, akasema kweli nimejitahidi.

Msichana alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ameanza kuacha titi na kushika kikombe mwenyewe, wakati mama mmoja alipohamia mlango wa mwisho. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, ameolewa juzi juzi, hana mtoto bado. Alitoka Kinangop, kule ambako mvua haiulizi mtu na watu hunywa maji ya paa. Kabla hajashusha kitanda kwa pikapu alishusha dramu ya bluu, akaikumbatia kwa mikono miwili, ikamshinda, akaketi nayo chini kwenye matope. Halafu akacheka. Alitupa kichwa nyuma akacheka hadi nikayaona meno yote, ya juu na ya chini, hadi magego, meupe pe.

Mume wangu alikuwa nyumbani siku hiyo na alisaidia kubeba godoro. Wakati wa chakula alisema, bila ubaya wowote, "Huyo mama ako na meno, aki." Ni hayo tu aliyosema, na ugali mdomoni. Miaka kumi na tano niko kwake, hajawahi kusema lolote kuhusu meno yangu, zuri wala baya, na mimi nilikuwa nimedhani ni kwa sababu hayaoni.

Nilimwonea jirani wivu. Wacha niseme waziwazi, kwa sababu hii habari haina maana nikizungukazunguka. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, lakini mimi sikukonda. Nilinenepa nao. Nilikuwa naamka asubuhi nao, nautandikia kitanda, naupikia uji.

Na ile dramu ilinimaliza kabisa. Paa letu limeinamia upande mmoja, na gata ya kukusanya mvua inamwaga kwenye kona ya mwisho, yaani mlangoni kwake. Wapangaji waliomtangulia waliacha hayo maji yachimbe shimo na kuzaa mbu. Yeye hapana. Mvua ya kwanza ya msimu hakuikinga hata tone, aliiacha ioshe vumbi na mavi ya ndege juu ya mabati. Siku ya pili akapanda juu ya stuli akasugua gata kwa fagio. Siku ya tatu ndipo akasukuma dramu mahali pake, akaifunga mdomo kwa kitambaa cheupe safi na kamba. Mimi niliyaona yote hayo kutoka kwa cherehani, na mshono wa kaptura ya mtu ukaenda upogo.

Ilinyesha vizuri jioni hiyo. Nikakaa nikafikiria: hii mvua imeanguka wapi? Imeanguka juu ya kitanda changu. Imeanguka juu ya sufuria zangu na juu ya kichwa cha mume wangu akiwa amelala, halafu imeteremka na mabati hadi kwake, ikawa yake. Kwa nini ikawa yake? Nilimwamsha mume wangu nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ningependa kesho atafute msumeno tuikate mvua vipande vinne. Nilimgeuzia mgongo, na niliendelea kuisikia ikimwagika kule kwenye kona.

Wiki hiyohiyo jirani alibisha mlangoni na mtungi wa lita tano. "Mama Boi," akasema, maana ndivyo walivyoniita wote kwenye ploti, "hii ni ya katoto. Maji ya hapa si mzuri kwa meno yake, na mimi nimekinga mingi kuliko ile natumia. Usijali kuchemsha sana, ichemke tu kidogo."

Angalia hapo. Mtu mzuri amekuja na kitu kizuri kwa mtoto wangu. Lakini mimi nilisikia nini? Nilisikia: nimeyaona meno yako, mama, na nimekuhurumia. Na hilo la kuniambia namna ya kuchemsha maji, mimi! Mtu hana mtoto hata mmoja! Nilimpa lile tabasamu langu la mdomo uliofungwa nikasema, "Asante sana, Mungu akubariki." Nilifunga mlango, nikamwaga ule mtungi kwenye karai, nikafulia soksi za kijana wangu.

Nilimrudishia mtungi ukiwa mtupu. Naye akadhani tumekunywa, akafurahi, akaujaza tena.

Hivyo ndivyo tulivyokaa. Kila wiki alileta, mara moja, mara mbili. Kila mara nilishukuru. Na kila mara nilifulia, au nikaosha vyombo, au nikaosha nywele. Wakati wa kiangazi dramu ilipokauka, alienda kununua maji kwenye kibanda kimoja kule barabarani wanakoyachuja kwa mifupa ya ng'ombe, na akaniletea hata hayo.

"Mifupa?" nikamwuliza.

"Eeh, wanaichoma hadi inakuwa kama makaa. Ndiyo inashika ile kitu inaharibu meno."

Nilimngoja aende, nikacheka peke yangu hadi machozi. Mwanangu anywe maji yaliyopita kwa mizoga? Nikapiga nayo deki, na nikahakikisha nimefika hadi uvunguni mwa kitanda.

Kilichonipa kiburi ni kwamba meno ya msichana yalikuwa meupe. Yale ya utoto, yote ishirini, safi kabisa. Akicheka nilikuwa natazama upande wa mlango wa mwisho kuona kama jirani ameona. Yeye alikuwa ameona, na alifikiri ni maji yake! Aliniambia siku moja tukianika nguo, "Mama Boi, si unaona vile ametoka vizuri?" Nikasema, "Naona." Moyoni nikasema, ni moto wangu, mama, si mvua yako. Hata ya kijana wangu yalikuwa meupe hivyo akiwa mdogo, lakini hilo nililisukuma kando nisilikumbuke.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kuliruka, lakini siliruki. Alipofika miaka mitatu, msichana alizoea kukimbilia kwa jirani kucheza na paka wake. Siku moja akarudi midomo imelowa akasema, "Mama, maji ya anti ni tamu. Yetu iko na chumvi."

Nilimshika sikio nikalifinya. Nilimfinya vibaya. Nilimwambia asiwahi tena kunywa kitu kwa nyumba za watu, kwamba hivyo ndivyo omba-omba huanza. Akalia kidogo, akanyamaza, na hakurudia. Ni mtoto msikivu. Ukimwambia jambo mara moja limeisha. Ningezaa mkaidi, leo ningekuwa na mtoto mwenye meno.

Jino la kwanza liling'oka akiwa na miaka sita na nusu. Alilirusha juu ya mabati kama watoto wote wa ploti, akaomba aletewe lingine zuri. Lile lingine likachukua muda wake. Lilipochomoza nililiona la ajabu, jeupe lakini si weupe wa jino, weupe wa chaki, na katikati kama mstari. Nikajiambia litang'aa likikua. La pili likaja kando yake, hivyohivyo. Baada ya miezi michache ule mstari ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na baadaye rangi ya chai ya rangi. Kila asubuhi nilimsugua na mswaki hadi ufizi ukatoa damu. Akaniuliza, "Mama, nimefanya nini?"

Nikampeleka kliniki ya meno mjini. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, na meno yake mwenyewe yalikuwa kama yangu, jambo ambalo lilinifanya nimwamini. Alimfungua msichana mdomo, akapiga mwanga, akaniuliza amekuwa akinywa maji gani.

"Ya mfereji. Lakini mimi huchemsha, daktari. Nachemsha hadi inapungua nusu."

Akaweka kile kioo chake chini. "Mama, ukipika supu yenye chumvi, ukaiacha kwa moto ikapungua nusu, inakuwaje?"

"Inakolea," nikasema. Na kabla sijamaliza hilo neno nilikuwa nimeelewa.

Alinieleza polepole, na msichana ameketi pale akisikia kila kitu. Kwamba kuchemsha kunaua viini vya magonjwa, lakini hiki si kiini, ni madini kutoka kwa mawe huko chini ya ardhi, na moto hauyaui. Maji yanaondoka kama mvuke, madini yanabaki. Ule ukoko niliokuwa nakwaruza ulikuwa sehemu tu ya chumvi zilizomo. Hayo ya meno yalibaki kwenye maji, yamekolea zaidi. Kwamba haya meno ya mbele yaliumbwa ndani ya ufizi zamani, mtoto alipokuwa anajifunza kutembea na kuongea, hata kabla hatujayaona, na ndiyo maana yale ya utoto hayakuniambia chochote. Ya nyuma bado yanaumbwa. "Mpe ya mvua iliyokingwa vizuri, au ile ya kuchujwa na mifupa," akasema. "Hadi afike kama miaka minane hivi. Utakuwa umeokoa kitu." Kisha akauliza, "Kwani huko kwenu hakuna mtu hukinga mvua?"

Nikasema hakuna.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na mimi yalinikuta palepale kituoni nikisubiri gari. Lakini sikiliza, wivu haukutoka. Ningekuwa mtu mwema, ningerudi nyumbani nikapige magoti mlango wa mwisho. Nilirudi nikiwa na hasira. Nilikuwa namkasirikia yeye kwa kuwa alikuwa sahihi.

Na alikuwa amesimama getini akitungoja. Sasa alikuwa na mtoto wake, mvulana mnene wa mwaka mmoja na miezi, ambaye alikuwa amembeba mgongoni. Alishamwona msichana meno yakija, na alikuwa amekosa usingizi juu yake kama vile ni wake. "Wamesema nini?" akaniuliza. Msichana akakimbia mbele kwenda kumwona paka. Nikasema ni maji.

Uso wake ukaanguka. "Lakini si amekuwa akikunywa ya mvua? Tangu akiwa mdogo hivi?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na nafasi moja, na mlango ulikuwa wazi. Nikamwangalia hayo meno yake, nikasema, "Ndiyo. Kila siku. Na bado umeona."

Alishika mdomo. Mtoto alikuwa akimvuta kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, polepole, "Kumbe nimekuwa nikijidanganya."

Nilipita nikaingia ndani. Na hapa nitasema kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu: ilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza tangu ashushe ile dramu, nilimwona akitembea kama sisi wengine. Nilijipikia chai nikaketi nikainywa yote.

Mtungi haukuja tena. Wiki iliyofuata aliondoa kile kitambaa cheupe kwa dramu, akaiacha wazi, majani yakaingia, akawa anachotea maji ya kuoshea nepi. Kwa ya kunywa alianza kupanga foleni mferejini na sisi. Nilimwona kwa dirisha akijaza kikombe cha mtoto, kile cha plastiki chenye mashikio mawili, moja kwa moja kutoka mferejini.

Mimi nilijua huyo mtoto ana umri gani. Daktari alikuwa ameniambia kwa mdomo wake. Kila kikombe nilikihesabu. Moyo mmoja uliniambia, toka nje useme. Moyo mwingine uliniambia, ngoja kidogo, naye aone. Awe na wake mmoja kama wetu, tuone kama atacheka hivyo. Ndiyo, niliwaza hivyo juu ya mtoto mchanga. Ngai, mtu anaweza kuwa mbaya jamani.

Na huku mimi mwenyewe nilikuwa nanunua maji ya mifupa! Nilienda hadi kibanda cha mbali, nikatia mtungi ndani ya mfuko wa nguo za wateja, nikauingiza nyumbani jirani akifikiri ni sare. Nilimwambia msichana ni siri yetu. Aliuliza kwa nini, nikamwambia si kila kitu hutangazwa. Akanyamaza, kama kawaida yake.

Mambo yalikwenda hivyo karibu mwezi mzima. Jumapili moja baada ya kanisa, jirani alibisha mlangoni. Alikuwa na mtoto kiunoni na sufuria mkononi, imejaa maji ya mfereji.

"Mama Boi," akasema, "nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kuchemsha vile wewe huchemsha. Hadi inaacha ile kitu nyeupe chini. Nilikuwa nakuona na kijiko, nikawa nafikiri ni kujisumbua bure. Mimi nilikuwa najifanya najua sana. Nisamehe."

Aliniomba msamaha. Yeye, mimi! Nilipaswa kusema wakati huo. Badala yake nikasema, "Karibu, kaa," nikawasha gesi, nikaweka sufuria yake juu. Mume wangu alikuwa ametoka. Msichana alikuwa ameketi kwenye mkeka anafanya hesabu zake za shule. Jirani alimweka mtoto mapajani, na tukayangoja maji yapungue, tukaongea juu ya bei ya uzi na mahubiri yaliyokuwa marefu. Nikamwonyesha, hapa bado, hapa bado, ona sasa yamefika nusu. Nilizima. Akayamimina kwa kile kikombe cha mashikio mawili, akayapunga na kifuniko, akayajaribu kwa kidole. Mtoto akanyoosha mikono yote miwili.

Ningependa sana kuandika kwamba ni mimi niliyesema. Nimejaribu kuiandika hivyo mara mbili nikaifuta. Nilikuwa natazama tu kikombe kikiinuliwa.

"Anti, usimpatie hiyo." Ni msichana, bado ameshika penseli. "Daktari alisema ndiyo iliniharibu meno. Alisema ikichemka sana ndiyo inakuwa mbaya zaidi. Mpe ya kununua, ile ya mifupa. Mama ameiweka nyuma ya cherehani." Kisha akakumbuka kwamba ni siri, akajiziba mdomo.

Jirani alishusha kikombe. Hakunitazama mimi kwanza. Alimtazama msichana. "Lakini wewe ulikuwa unakunywa yangu ya mvua, mama. Hiyo nayo haikukusaidia."

"Yako?" Msichana alishangaa kabisa. "Yako sijawahi kunywa. Ni ile siku moja tu, nikafinywa. Nilikatazwa."

Mtoto alikuwa anakililia kikombe.

"Mama Boi," jirani akasema, "ile mitungi yote ulikuwa unapeleka wapi?"

"Nilikuwa nafulia."

"Unafulia?"

"Nilikuwa na wivu," nikasema. Lilitoka hivyo tu, bila mapambo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. "Wa meno yako. Nilikuwa na wivu na wewe tangu siku ile ulianguka na dramu."

Sikujua atafanya nini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa tusi, kwa kofi, kwa kutangazwa ploti nzima, na ningeyapokea yote. Yeye aliinuka, akamweka mtoto kiunoni, akaenda akamwaga kile kikombe mlangoni, kisha akamwaga na sufuria nzima. Alipangusa midomo ya mtoto kwa kiganja, ingawa ilikuwa mikavu. Alikuwa analia, lakini hakuwa analia kwa ajili ya mtoto wake, maana alipopita karibu na mkeka aliinama akamshika msichana kidevu, akamwangalia yale meno mawili.

"Nilikuwa nakuletea wewe," akamwambia. "Kila wiki. Tangu ukiwa hujui hata kuongea." Akatoka.

Nilisikia dramu ikiinamishwa kule kwenye kona, na maji machafu yakimwagika.

Msichana alikaa na penseli yake. Ana akili, huyu mtoto, na huwa hana haraka. Nilimwona akilijumlisha jambo moja na lingine, akipitisha ulimi juu ya yale meno ya mbele kama alivyozoea tangu yaanze kubadilika rangi. Kisha akainua uso.

"Mama," akasema, "kwani hiyo maji ilikuwa yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa yako.